Hukurudi Kubisha

Boti ya kwanza ilipogonga ngazi za Bandari ya Kale, Swafia binti Sheikhan alikuwa amesimama na sinia la asmini mkononi na tabasamu la kazi usoni. Tabasamu likamkauka pale pale.

Meli yenyewe ilikuwa imetia nanga nje, mbele ya ufuo wa Mama Ngina, nyeupe na ndefu kama mtaa mzima uliopakwa chokaa ukasukumwa baharini. Gati zote kubwa zilikuwa na meli za mizigo siku hiyo, kwa hivyo wageni waliletwa mjini kwa boti za rangi ya machungwa zenye mapaa, boti baada ya boti, wakateremshwa chini ya Mji wa Kale. Wachuuzi walikuwa wameshapata habari. Leso, madafu, vinyago, kofia za kazi ya mkono, kila mtu na sauti yake. Swafia alikuwa na meza yake ya hina kivulini, na bwana wa matembezi ya wageni alimpa kazi ya kuwapokea wanawake kwa maua kwa sababu, alisema, huyu binti ana subira na hababaiki.

Hababaiki! Aliyeshika usukani wa boti ile, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola ingeweza kukata mkate, mistari ya dhahabu mabegani, miwani myeusi, ndevu zimechongwa vizuri, alikuwa Sufyan. Sufyan wa Kuze. Sufyan aliyetoweka miaka miwili iliyopita bila hata kumwachia salamu.

Hakumwona. Alimwachia mwenzake usukani akasimama ukingoni kuwavusha wageni. Hakuwashika viganja. Aliwashika kigasha, juu ya kifundo cha mkono, akangoja wimbi liinue boti, kisha akasema "sasa!" na mtu akajikuta ngazini. Mmoja mmoja. Wembamba, wanene, wenye fimbo. Bibi mmoja wa Kizungu mwenye kofia pana alipofika ngazini aligeuka, akambusu shavuni, mwaa!

"Mashallah," Swafia akasema kwa sauti. "Kumbe hii ndiyo kazi uliyotukimbilia. Kupokea busu za mabibi."

Sufyan akavua miwani. Rangi ikamtoka, kisha ikarudi kwa hasira.

"Sogeza sinia, dada. Abiria watateleza."

"Dada? Dada yako yuko kwenu. Mimi nina jina, na wewe ulikuwa ukiliita mpaka simu ikaisha chaji."

"Swafia, niko kazini."

"Na mimi niko kazini. Au wadhani nimekuja kukupokea kwa maua?"

Aliyeidaka kamba ya boti pale ngazini alikuwa Mzee Kahindi, Mgiriama wa Kaloleni mwenye ndevu nyeupe na mikono migumu kama makumbi. Ndiye aliyemfunza Sufyan boti tangu akiwa hajui kufunga fundo. Alipowaona wawili hao, aliinamia kamba yake kama mtu aliyepoteza sindano.

"Shikamoo, mzee," Sufyan akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umerudi mzima?"

"Mzima. Naona huyu bado hajaolewa."

"Bado," Swafia akadakia. "Lakini leo baada ya Alasiri watu wa Faiz wanakuja kuchukua jibu."

"Faiz yupi? Yule wa duka la mapazia?"

"Huyo huyo. Ana duka, ana gari, na ana miguu ya kurudi mlangoni kwa watu."

Sufyan akacheka, kicheko kisicho na meno. "Hongera. Huyo angalau hamkumfukuza."

"Nani alimfukuza nani?"

Lakini redio ya mkononi ilikwisha kumkoromea Sufyan kiunoni, kamba imetupwa, na boti ilikuwa inarudi nyuma huku maji yakitoa povu. Swafia alibaki na sinia lake. Hamkumfukuza? Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alimpigia simu Lamis, binamu yake anayeuza mabuibui Bondeni.

"Lamis, yuko hapa."

"Nani, mpenzi wangu? Mbona wahema?"

"Yule mbwa wa baharini. Anashika mabibi wa Kizungu mikono."

"Allah! Sufyan? Amekonda au amenenepa?"

"Nimekuambia yuko hapa, wewe waniuliza uzito!"

"Basi amependeza. Ungekuwa umemwona kachakaa, ungeanza na hilo. Sikiza, mama, leo usifanye wazimu. Mamako tangu asubuhi yuko jikoni na kaimati za watu wa Faiz."

"Nani kakwambia nitafanya wazimu? Namchukia."

"Mchukie kimyakimya basi. Na ukimaliza kumchukia, nipigie unieleze amevaa nini."

Swafia alikata simu, akakaa kwenye meza yake, akachanganya hina. 

Walikuwa wamejuana ufuoni Mama Ngina, yeye na Sufyan, kwa sababu ya mihogo ya kukaanga. Muuzaji aliwachanganyia, Sufyan akala muhogo wa Swafia wenye pilipili nyingi na ndimu, naye akamtukana mpaka akamnunulia mwingine. Tangu hapo ikawa kila jioni simu, kila jioni "ndege wangu umekula?", mpaka Sufyan akaleta posa. Babake alikuwa amekufa, na wajomba zake walikuwa hawasemezani na mamake kwa ajili ya nyumba, kwa hivyo alimtuma Mzee Kahindi, aliyekuwa kwake kama baba.

Sasa, mtaani kwao Kuze posa haijibiwi siku ya kwanza. Watu wakija mara ya kwanza huambiwa, binti bado mdogo, tutaulizana. Hata kama binti ana mvi! Si kukataa. Ni heshima ya nyumba, isije ikaonekana kwamba wazazi wamechoka kumlisha. Mwenye haja hurudi. Watu wa Faiz walikuja wakaambiwa hivyo hivyo, wakanywa kahawa yao, wakarudi kubisha tena. Mzee Kahindi aliambiwa hivyo, na hakurudi.

Swafia alingoja. Siku zikapita. Sufyan alipiga simu mara moja tu, sauti nzito, akasema, "Basi ndiyo hivyo?" Na yeye, kwa vile mwari hazungumzi posa yake mwenyewe na mposaji, alijibu kwa maringo, "Wazee wako wanaujua mlango." Sufyan akakata. Baada ya hapo akasikia yuko kwenye meli.

Basi Swafia ndiye aliyemfukuza? Yeye?

Adhuhuri yule bibi wa kofia pana alikuja mezani akanyoosha mikono yote miwili. Alitaka maua. Alitaka na majani. Alitaka mpaka kiwikoni. Swafia alimpaka kwa ustadi, polepole, na bibi akafurahi kama mtoto wa Idi, mpaka ikafika saa ya kurudi melini, hina bado mbichi, na bahari imeanza kuchafuka kidogo.

Sufyan alimtazama bibi, akatazama mikono yake, akamgeukia Swafia.

"Nani kakwambia umpake mpaka kiwikoni?"

"Mwenyewe."

"Na mimi nitamshika wapi? Sheria yetu ni kigasha. Kiganja hakishikwi, kinateleza."

"Mshike shingo."

"Swafia!"

"Usiniitie jina kama unaita teksi. Ukimgusa hina ikiharibika, utampaka wewe."

Bibi, kwa kuona wanagombana, aliogopa kabisa. Akasema hapandi ila binti huyu amshike kiuno wende pamoja, na pale melini amsaidie kupanda. Bwana wa matembezi akaitika mara moja, maana mgeni akianguka majini ni balaa. Hivyo Swafia akajikuta ndani ya boti, buibui limekusanywa mkononi, bibi kamshikilia kama mzigo wa mayai. Nyuma yao wamejaa wageni waliochomwa na jua. Mbele yao, kwenye usukani, mgongo wa Sufyan. Baharia mwenzake alikuwa Mfilipino, na katika boti nzima hakuna aliyejua Kiswahili isipokuwa wao wawili.

Sufyan ndiye aliyeanza, bila kugeuka.

"Umekonda. Faiz hakulishi?"

"Na wewe umenenepa. Wanakulisha mabaki?"

Bibi akauliza kwa Kizungu, anasema nini kijana? Swafia akamjibu kwa upole, kwa Kizungu chake cha sokoni, "Anasema ile ni ngome ya Wareno." Wageni wote wakageuka kuitazama Ngome.

"Mimi sikukukimbia," Sufyan akasema. "Nilikuwa na haya ya kupita uchochoroni kwenu. Kila nikiona mlango wa babako nageuza njia."

"Uligeuza kwa uoga."

"Kwa aibu! Mnanifukuza kama mwizi wa kuku, halafu nikupigie tena simu, unicheke!"

Anasema nini sasa? bibi akauliza. "Anasema kina cha maji hapa ni kirefu sana." Wageni wakachungulia maji.

"Nani alikufukuza? Hilo ndilo nataka unieleze."

"Nyumba yenu. Mzee Kahindi alirudi kichwa kimening'inia. Akasema, wamekataa, mwanangu. Kwa adabu, lakini wamekataa."

Swafia akamshika bibi kiuno vizuri. Boti ikapanda wimbi ikashuka.

"Kwa maneno gani?"

"Maneno ya nini? La ni la."

"Nakuuliza, Sufyan. Babangu alisema maneno gani?"

Mgongo ule mweupe ukajikunyata. "Sikuuliza."

"Hukuuliza!"

"Mtu akiambiwa amekatwa mkono, huuliza ni kwa kisu gani?"

"Babangu alisema, binti bado mdogo, tutaulizana!"

Mkono wa Sufyan ukaacha usukani. Boti ikayumba, kofia ya bibi ikaruka, Mfilipino akapiga kelele kwa lugha ya kwao. Sufyan akaukamata tena usukani, masikio yamemwiva.

"Bado mdogo?" akasema, sauti ndogo.

"Bado mdogo."

"Tutaulizana?"

"Na tukaulizana! Siku ile ile! Mamangu alianza kuchagua kitambaa. Na mimi nikakaa dirishani kila jioni kama paka wa muuza samaki, nikingoja wazee wako wabishe mara ya pili. Mtoto wa Kuze wewe! Umezaliwa pale, umetahiriwa pale, hujui posa?"

"Nilidhani ni kwa sababu sina baba. Nilidhani wamemwona mzee wangu ni mtu wa Kaloleni, hana kofia wala kanzu, wakamdharau. Na wewe kwa nini hukuniambia?"

"Mimi nitangaze posa yangu mwenyewe kwa simu? Nilikwambia wazee wako wanaujua mlango!"

"Nilidhani ni tusi!"

"Ilikuwa mwaliko, mpumbavu!"

Bibi wa kofia, sasa bila kofia, alimgusa bega Swafia. Hakuuliza tena kijana anasema nini. Aliwatazama wote wawili akatabasamu, na Swafia akaona haya mpaka shingoni.

Mtu angedhani hasira ilipoa hapo. Haikupoa. Ilipanda. Angekuwa amechokwa angesamehe, watu huchokana. Angekuwa ameachwa kwa ajili ya mwanamke mwingine angelia akanyamaza. Lakini miaka miwili ya ujana wake imekwenda kwa sababu mwanamume ameona uzito kuuliza swali moja! Alimvusha bibi kwenye meli akimshika kiuno, hina salama, na boti iliporudi tupu hakusema neno hata moja. Alipofika ngazini Sufyan akanyoosha mkono amshushe.

"Usinishike," Swafia akasema, akaruka mwenyewe, kiatu kikalowa.

Wote wawili wakamwendea Mzee Kahindi, mmoja huku mmoja huku, kama polisi.

"Mzee," Sufyan akaanza, "siku ile Kuze..."

"Baba Kahindi, hukurudi kubisha!" Swafia akamkata. "Uliambiwa tutaulizana, hukurudi!"

Mzee alisikiliza yote. Kisha akaitupa kamba chini kwa kishindo.

"Mwanipigia kelele mimi? Mimi! Kwetu ukienda kuposa na kibuyu cha tembo la mnazi ukaambiwa bado, unabeba kibuyu chako unakwenda zako, na ukirudi wewe ndiwe huna adabu. Niliambiwa bado, nikashukuru, nikaondoka na heshima yangu. Nani aliniambia kuwa la ya Kuze si la? Wewe Sufyan ulinituma kama unatuma mtoto sukari dukani. Hukunifunza, na niliporudi hukuniuliza. Ukajifunika shuka. Kisha ukaniachia mimi kumwona huyu binti akipita hapa kila siku ananinunia, na mimi najiuliza, jamani, si wao waliokataa?"

Sufyan akainamisha kichwa. Swafia naye akatazama kiatu chake. Ni kweli alimnunia mzee miaka yote miwili.

"Sasa ni saa ngapi?" mzee akauliza, bado amekunja uso.

"Adhana ya Alasiri bado," Sufyan akasema. "Nina mapumziko mafupi tu. Nisipoonekana boti ya mwisho ikiondoka, nimepoteza kazi."

"Basi tembea. Na wewe mama, tangulia nyumbani, uwe hujui lolote."

Swafia akamtazama Sufyan machoni. "Mimi sijasema nataka," akasema. "Usije ukafikiri." Akaondoka, na alipopinda kona akakimbia.

Nyumbani kulinukia iliki na sukari. Bimdogo, mamake, alikuwa na mwiko mkononi na unga kwenye paji la uso. Mzee Sheikhan, fundi wa kanzu, alikuwa chumba cha mbele ameshavaa kanzu yake nzuri ya kupokelea watu wa Faiz. Swafia alipanda ngazi mbili mbili akajibanza nyuma ya dirisha la juu, pale unapoona uchochoro na kusikia chumba cha chini.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Mimi Kahindi. Nimerudi."

"Umerudi kutoka wapi?" Sheikhan akauliza kwa mshangao.

"Kutoka siku ile."

Sauti ya Bimdogo ikatoka jikoni kama maji ya moto. "Lo! Kutoka forodhani mpaka hapa miaka miwili! Ulipanda kobe?"

"Mama, nipige, lakini niache kwanza niseme. Niliambiwa bado nikadhani ni basi. Makosa yangu. Kijana yuko pale kona ya msikiti, na yeye alidhani amefukuzwa. Nabisha mara ya pili."

"Mara ya pili!" Bimdogo akasema. "Tumeshakuwa na wengine. Mtu na duka lake! Na huyo wako ameshika mikono ya wanawake mpaka viganja vimeota sugu. Nimesikia, Lamis kanipigia."

"Mama Swafia, nyamaza," Sheikhan akasema. Akafikiri. Swafia alisikia kiti kikilia. "Mzee Kahindi, baada ya Alasiri nina watu. Sitawadanganya wao wala wewe. Ngoja nimuulize mwenyewe."

Nyayo za babake zikapanda ngazi. Swafia akaketi haraka kitandani, leso kichwani, kama mtu aliyekuwa akisoma dua.

"Umesikia?"

"Sikusikia kitu."

"Basi nikueleze ulichosikia. Kuhusu Faiz, wasemaje?"

"Simtaki, baba. Samahani."

"Vyema. Na kuhusu huyu wa kona ya msikiti?"

"Huyu!" Swafia akasimama. "Baba, huyu hana akili. Ana kiburi cha ngamia. Ameambiwa amekataliwa hakuuliza hata kwa maneno gani, amejitupa baharini kama ganda la ndizi. Alikata simu! Na ataishi melini nusu ya mwaka, mimi nikae na nani? Na mamake anajua kuhesabu chumvi kwenye mchuzi wa wenzake. Na amenenepa. Na ameniita dada mbele ya watu! Mimi nimekaa hapa dirishani..."

Alisema mpaka pumzi ikamwishia. Sheikhan alimwacha, mikono nyuma, kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Nimekuelewa," akasema. "Hizo ni tabia zake. Mimi sikuuliza tabia. Sheria yetu unaijua: mwari anayekataa husema, anayekubali hunyamaza. Faiz umemkataa kwa ulimi wako, na nitakwenda kuwaambia. Huyu je? Unamkataa?"

Swafia akafungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamejaa, yanasukumana. Akaufunga.

Sheikhan akangoja kidogo. Akakohoa. Akashuka.

Dirishani Swafia alimwona Mzee Kahindi akitoka mlangoni taratibu, uso umeshuka, akielekea kona ya msikiti ambapo Sufyan alikuwa akizunguka kama kuku anayetaka kutaga, redio inamkoromea kiunoni.

"Wasemaje, mzee?"

"Mwanangu..." Mzee akatikisa kichwa.

"La, usiniambie hivyo. Maneno, mzee! Nipe maneno yenyewe."

"Maneno hakuna. Babake alipanda akamuuliza, akashuka, akaniambia binti amenyamaza. Kimya kabisa. Hakukuletea hata salamu. Pole, mwanangu."

Sufyan alimwangalia. Kisha akapiga ukelele mmoja uliowatoa watu madukani, akamkumbatia mzee, akamwinua kutoka ardhini na viatu vyake, akambusu paji la uso, akambusu tena, akaanza kukimbia kushuka forodhani huku redio ikimtukana kwa Kizungu. Alipopita chini ya dirisha akainua uso.

"Swafia! Mkataba umebakisha miezi minne tu! Wanisikia? Wallahi narudi! Sema kitu!"

Mzee Kahindi alibaki katikati ya uchochoro akijifuta paji la uso, akiwauliza wapita njia kama kuna anayeelewa watu wa mtaa huu. Chini, Bimdogo alikuwa akigonga masufuria na kuuliza kaimati zote hizi sasa atazila nani.

Swafia alikuwa bado amekasirika. Alikuwa na mengi ya kumrushia kichwani, makali, yote ya haki. Akachukua upindo wa leso, akautia mdomoni, akauuma kwa nguvu zake zote asije akatamka hata neno moja.